Maji Yako Yalitoka Wapi?

Mwaka jana rafiki yangu alinipa tiketi ya bure ya kongamano la vijana kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Nairobi. Nilienda kwa sababu mbili: kulikuwa na lanchi, na siku hiyo sikuwa na kazi. Lakini kabla ya lanchi, tulihubiriwa. Jamaa mmoja mwenye suti ya kubana na kimaikrofoni cha shavuni alizunguka jukwaani akitusimulia habari za kinyozi wa Uingereza. Mtoto wa fundi wa nguo. Familia kubwa, pesa hakuna, shule hakuna. Akanyoa watu ndevu, akashona wigi, kisha akaleta mashine ya kusokota uzi, akajenga kiwanda, akafa tajiri mwenye cheo cha Sir.

"Hakuna aliyempa kitu!" jamaa akapaza sauti. "Alikuwa na nini? Akili na bidii, basi! Wewe umekosa nini?"

Ukumbi ukalipuka makofi. Mimi pia nilipiga, maana mikono hufuata wenzake. Halafu akaongeza kwamba hata chuo si lazima, kwamba walioacha chuo ndio wanaowaajiri waliomaliza. Hapo rafiki yangu, ambaye anajua niliacha chuo mwaka wa tatu, akanigonga kiwiko na kucheka, kana kwamba nimetajwa kwa jina.

Sikucheka. Kinyozi huyo namjua. Anaitwa Richard Arkwright, na kama ulifanya History sekondari nawe unamjua pia. Tulimkariri kwenye ile mada ya viwanda pamoja na Hargreaves, Crompton na Cartwright, kama safu ya mbele ya timu ya mpira. Arkwright, 1769, fremu ya maji, alama moja. Mwalimu hakuuliza kwa nini mashine ya kusokota pamba iitwe kwa jina la maji. Nasi hatukuuliza, kwa sababu swali hilo halikuwa kwenye mtihani.

Baada ya kongamano nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikuielewa vizuri, nikaanza kusoma habari za huyu mtu. Nimesoma kwa miezi kadhaa, usiku, kwa bando za shilingi ishirini. Na ninachotaka kusema hapa ni rahisi: ile hadithi ya jukwaani ni uongo. Si uongo mdogo wa kutia chumvi. Ni uongo unaotugharimu sisi tulioketi kwenye viti vya plastiki tukipiga makofi.

Tuanze na maji.

Mashine ya Arkwright haikuanza na maji. Mwishoni mwa miaka ya 1760 aliiweka katika mji wa Nottingham, na huko ilizungushwa na farasi. Farasi anakula, anachoka, anaugua. Ukitaka mashine kumi zaidi, unahitaji farasi zaidi na nyasi zaidi. Kwa hivyo mwaka 1771 Arkwright alifunga safari hadi kijiji kiitwacho Cromford, huko Derbyshire, bonde lenye mwamba kila upande. Hakwenda peke yake. Nyuma yake kulikuwa na Jedediah Strutt na Samuel Need, wafanyabiashara wa soksi waliokuwa na pesa tayari. Ona basi, hatujafika hata kwenye lango la kiwanda na ile sentensi ya "hakuna aliyempa kitu" imeshakufa.

Kwa nini Cromford? Kwa sababu hapo maji mawili hukutana. La kwanza ni kijito cha Bonsall, kijito cha kawaida tu cha kuteremka mlimani. Ungekivuka kwa hatua chache. La pili ndilo lililonifanya niweke simu chini na kukaa kimya kidogo. Linaitwa Cromford Sough. Sough ni neno la wachimbaji wa huko, na maana yake ni mtaro unaopita chini ya ardhi kutoa maji migodini.

Vilima vya eneo hilo vilikuwa na madini ya risasi. Watu walichimba mpaka wakafika kwenye maji, na mgodi ukijaa maji, kazi imeisha. Kwa hivyo katika karne ya 17, miaka mingi kabla Arkwright hajazaliwa, wachimbaji walianza kutoboa mwamba kutoka chini, bondeni, wakielekea ndani ya mlima, ili maji yapate njia ya kutoka. Hawakuwa na umeme wala mashine ya kuchimba. Walitumia nyundo, patasi, baruti na mwanga wa mshumaa. Mtaro wa namna hiyo ulichukua miongo. Mtu aliweza kuuanza na mwanawe akaumaliza.

Maji yakatoka. Kwa wachimbaji, hayo yalikuwa takataka, kitu cha kutupwa mtoni. Lakini kwa sababu yalitoka ndani kabisa ya ardhi, yalikuwa na uvuguvugu, na majira ya baridi vijito vingine vilipokuwa vikiganda, haya yaliendelea kutiririka. Gurudumu la kiwanda halingesimama Januari. Arkwright akayaona, akakodi haki ya kuyatumia, akaelekeza kijito na mtaro kwenye magurudumu yake. Hakuchimba hata futi moja ya ule mwamba.

Utaniambia: sawa, lakini mashine ni yake. Kumbe hata hilo lina kesi. Roli zile za kuvuta na kukaza nyuzi alizitengeneza akisaidiwa na fundi wa saa aitwaye John Kay. Naye Kay aliwahi kufanya kazi na mtu mwingine, Thomas Highs, aliyesema wazo lilikuwa lake. Mwaka 1785 jambo hilo lilifika mahakamani London, mashahidi wakasimama, na hataza ya Arkwright ikafutwa. Unajua kilichofuata? Mwaka 1786 akapewa cheo cha Sir. Mahakama ilisema uvumbuzi si wako, mfalme akasema piga goti nikutukuze. Mimi nikiona hivyo nakumbuka watu fulani wa hapa kwetu, lakini tuendelee.

Sasa, sitaki kuwa mjinga upande wa pili. Arkwright hakuwa mvivu. Kusanya maji, mashine, pamba na mamia ya watu chini ya paa moja, uwafanye waende kwa kengele, zamu moja ikitoka nyingine ikiingia, mchana na usiku: hiyo ni akili ya aina yake, na dunia nzima ilikuja kuinakili. Alijenga nyumba za wafanyakazi ambazo bado zimesimama. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni neno "peke yake".

Kwa sababu ndani ya hizo kuta kulikuwa na nani? Wengi walikuwa watoto. Arkwright alitafuta familia zenye watoto wengi, maana vidole vidogo ndivyo alivyovihitaji. Wengine walianza kazi wakiwa na umri wa kama miaka saba. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili au zaidi. Na pamba yenyewe? Haioti Derbyshire. Katika miaka hiyo nyingi ilivuka bahari kutoka visiwa vya Karibi, na walioilima na kuichuma walikuwa Waafrika waliotumikishwa kama watumwa. Spika wetu, Mwafrika mwenzangu, alisimama mbele ya Waafrika mia tatu akasema hakuna aliyempa kinyozi kitu. Kweli kabisa, hawakumpa. Walichukuliwa.

Kuna msomaji ameanza kusema, wewe, hayo ni mambo ya Wazungu wa kale, yanatuhusu nini? Yanatuhusu mpaka kwenye kamusi. Kijana mmoja aitwaye Samuel Slater alifundishwa kazi na yuleyule Strutt, katika viwanda vya bonde hilohilo. Mwaka 1789 alipanda meli kwenda Marekani akiwa na ramani ya mashine kichwani, wakati sheria ya Uingereza ilikataza mafundi kama yeye kuondoka. Mwaka uliofuata mashine zikazunguka kwa maji katika mji wa Pawtucket, na wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa, unakisia, watoto. Viwanda vya pamba vikaenea kwenye mito ya upande ule wa Marekani. Kufikia katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakileta Zanzibar shehena za kitambaa chao kizito kisichopaushwa, na misafara ikakibeba hadi bara kama pesa. Babu zetu wakakiita merikani. Fungua kamusi ya Kiswahili, neno bado lipo. Na nchini Marekani nako wanamwita Slater baba wa viwanda. Mito haina cheo.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi, ile ambayo natamani ingesomwa kwenye kila kongamano kabla ya lanchi, ni jinsi maji yalivyokatika.

Wachimbaji hawakuacha kuchimba. Madini ya juu yalipopungua walitaka kushuka zaidi, na ili washuke walihitaji mtaro mwingine ulio chini kuliko ule wa kwanza. Huo uliitwa Meerbrook. Ulipofika ndani vya kutosha, maji yakafanya kile ambacho maji hufanya siku zote: yakafuata njia ya chini. Mtaro wa Cromford ukaanza kukauka. Arkwright mwenyewe alikuwa ameshakufa mwaka 1792, lakini kiwanda kilikuwa bado mikononi mwa familia, na familia ikakimbilia mahakamani. Hoja yao kwa ufupi: tumetumia maji haya zaidi ya miaka sitini, tumeyazoea, tumejenga kila kitu juu yake, hamwezi kutunyang'anya.

Mwaka 1839 mahakama ikajibu. Mtaro ule, ikasema, si mto wa Mungu. Ulichimbwa na watu kwa shida zao wenyewe, kukausha migodi. Aliyeyatumia yale maji alijua hivyo tangu mwanzo. Waliochimba hawakuahidi kwamba yatatiririka milele, na wakiamua kuchimba chini zaidi, hawamdai mtu ruhusa. Familia ikashindwa.

Soma tena hapo. Ukoo wa mtu aliyejijenga mwenyewe ulisimama mbele ya hakimu ukilia kwamba bila jasho la wachimbaji kiwanda hakiendi. Miaka yote hiyo wachimbaji hawakutajwa kwenye sifa. Siku waliyotajwa ni siku maji yalipokatika.

Baada ya hapo kiwanda cha kwanza kikadhoofika. Majengo yakaja kutumiwa kutengeneza bia, kufulia nguo, baadaye kutengeneza rangi. Mwaka 1979 yakanunuliwa na watu wa kuhifadhi historia, na mwaka 2001 UNESCO ikaliweka bonde lote kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Sasa niseme kwa nini nilirudi nyumbani na hasira.

Mamangu ni mama fua. Amefua nguo za watu Eastlands tangu nikiwa darasa la pili. Siku ambazo mifereji imekauka, na ni siku nyingi, hununua maji kwa mtungi na kuyapandisha ngazi. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini, na fizikia hiyo haibadiliki ukifika orofa ya nne. Miaka yangu miwili ya kwanza chuoni ililipwa na mgongo huo, na mjomba wangu aliyekuwa kondakta, na chama cha akina mama kumi na wawili ambao majina yao nayajua yote. Kila muhula pesa ziliingia kidogo kidogo, kama maji yanayotoka kwenye mwamba.

Mwaka wa tatu mjomba alipoteza kazi. Mama akaumia mgongo akakaa miezi minne bila kuinua kitu. Chama kikavunjika kwa sababu zake. Nilipoenda ofisi ya karo, dada wa dirishani alinitazama kwa huruma ya kweli akasema, "Mfumo umekufungia, hata mimi siwezi." Hivyo ndivyo nilivyoacha chuo. Sikuamka asubuhi moja na ndoto kubwa kuliko darasa. Wale tunaotajiwa jukwaani, kina Bill Gates, waliondoka chuoni wakiwa na mahali pa kwenda, na kwao kulikuwa na mawakili na pesa za kuwapokea wakianguka. Mimi nilikauka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu anayeyaita kwa jina moja ili apigiwe makofi ananidharau, na anamdharau mamangu zaidi.

Kwa sababu hilo ndilo tatizo la huu uongo. Hauishii kwenye sifa. Una bili, na bili inaletwa kwetu. Ukiamini Arkwright alifaulu kwa akili na bidii tu, basi aliyekwama amekosa akili au bidii. Karo haipo? Hustle, kijana. Maji hayapo mtaani? Hustle. Ndivyo mtu anavyokaa na njaa na bado anajiona mkosaji. Nina rafiki, mtu makini kuliko wote ninaowajua, aliyeniambia kwa sauti ya chini, "Labda mimi ni mvivu tu." Anaamka saa kumi alfajiri kila siku! Mvivu gani huyo?

Na upande wa juu, uongo huohuo unampa mtu ruhusa ya kutolipa. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Nimeombwa mara ngapi niandike bure "ili jina lako lijulikane"? Anayeniomba hivyo karibu kila mara ni mtu aliye na hadithi yake ya kuanza na shilingi elfu mbili. Ukishajiaminisha kwamba hukusaidiwa na yeyote, utamlipa nani? Utalipa kodi ya nini? Maji unayapata, yanatoka, basi.

Najua jibu linalokuja: kijana, wivu. Na kwamba vijana wanahitaji matumaini, si historia ya mitaro. Nimelifikiria sana hilo. Na mimi nataka matumaini. Lakini matumaini yaliyojengwa juu ya uongo ni kama kiwanda kilichojengwa juu ya mtaro wa watu ambao hukuwahi kuwauliza majina. Siku maji yanapokatika hujui umpigie nani simu. Mtu anayejua maji yake yalitoka wapi anajua pia la kufanya yakipungua: ni nani wa kumdai, ni nani wa kushirikiana naye, ni wapi pa kuchimba. Anaweza kudai karo ya chuo cha umma iwe ya kulipika, na mfereji wa mtaa utoe maji Jumatatu mpaka Jumapili, bila kuona haya, kwa sababu anajua hata Sir Richard hakusokota uzi mmoja bila mtaro wa wenzake.

Kwa hivyo nina ombi moja kwako msomaji, na ni ombi la ugomvi. Ukikaa tena kwenye ukumbi kama ule, na jamaa akafika pale pa "hakuna aliyenisaidia," inua mkono. Kwa heshima, lakini inua. Muulize: maji yako yalitoka wapi? Nani alilipa karo yako, na aliuza shamba gani? Nani alikupikia ulipokuwa unajenga kampuni? Vijana wako wa kwanza uliwalipa? Usikubali akujibu na methali. Muombe majina.

Yangu nimeshayataja, isipokuwa ya akina mama wa chama, ambao wangeona aibu kuandikwa. Natumaini kurudi chuoni. Sijui lini.

Jioni ile baada ya kongamano nilimsimulia mama hadithi yote: kinyozi, mashine, kijito, utajiri. Alikuwa ameketi na mgongo ukutani, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Na huyo kinyozi, wakati wote akifanya hayo makubwa, nguo zake alikuwa akifuliwa na nani?"

Nikamwambia hawakuandika.

"Sawa," akasema, akaniomba nimwongezee maji ya moto.